Kijana karudi likizo kutoka shule ya vipaji, mtaani hana rafiki tena

FundiWaUyole
Wakuu habari za jioni, na poleni na baridi kwa mlioko huku kwetu. Mimi ni mama, nashona nguo Mwanjelwa hapa Mbeya, naishi Uyole. Kijana wangu wa pili alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka jana, Mungu akasaidia akapangiwa shule ya vipaji maalum, zile za bweni za serikali kwa waliofaulu sana. Siitaji ni ipi maana wazazi wenzangu wamo humu. Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Januari tulimpeleka na tranka lake na godoro, akashika njia.

Sasa amerudi likizo ya Juni. Darasani hana shida. Shida yangu ni kwamba hatoki nje. Kabla ya kuondoka huyu mtoto nilikuwa namtafuta kwa fimbo saa moja usiku. Walikuwa wanne, wanaenda mashineni pamoja, wanacheza chandimu kule karibu na viwanja vya Nane Nane, wakirudi hujui yupi wako kwa vumbi. Wale watatu wote wako shule ya kata, sekondari ya hapahapa kwetu, asubuhi wanapita mlangoni kwangu wakicheka. Siku ya pili alitoka kuwasalimia, akarudi baada ya nusu saa. Nikamuuliza, akasema "wananiita Profesa". Tangu hapo ni kitanda na daftari.

Na rafiki zake wa bwenini, mmoja wa Bukoba, mwingine wa Masasi. Atawaona wapi mpaka shule ifunguliwe? Simu hawaruhusiwi kule, hata namba hawakupeana.

Baba yake anasema tumtafutie twisheni, muda usipotee. Mimi moyo unakataa. Waliopitia haya mnisaidie.

Mti_Mkavu
Mama, muache mtoto asome. Marafiki wa mtaani wamempeleka nani wapi? Akimaliza chuo atawapata tu.

KipaWaZamani
Mti_Mkavu, wewe hukuwahi kuwa mtoto?

Dada FundiWaUyole, ndaga kwa kuuliza hili, wengi hawaulizi. Mimi ni wa Tukuyu, niliingia Ilboru 2003. Kutoka kwetu mpaka Arusha ilikuwa safari ya siku mbili, unalala njiani, unafika miguu imevimba. Likizo ya kwanza nilirudi nikidhani nimeacha kila kitu mahali pake. Nilikuwa kipa wa timu ya mtaa. Nikakuta golini kuna dogo mmoja, na alikuwa hodari kuliko mimi! Hakuna aliyenifukuza. Walinikaribisha vizuri kabisa, wakanipanga beki. Nililia usiku, na mama yangu mpaka leo anajua ni malaria.

Kwa hiyo muulize kuhusu uwanjani, usimuulize "kwa nini huna marafiki". Huenda nafasi yake imeshachukuliwa.

Ila nikuambie kitu. Enzi zangu ilikuwa rahisi kidogo kuliko kwa mwanao. Mwaka 2003 shule za kata zilikuwa bado chache, zilikuja kumwagika baada ya mpango wa serikali wa 2004 wa kuongeza sekondari. Sisi genge letu lote lilitawanyika: mmoja fundi baiskeli, mmoja alienda Kyela kwa mjomba kwenye mpunga, mimi Arusha. Tukikutana Desemba kila mtu mgeni, kila mtu ana hadithi yake. Sasa hivi ada ilishafutwa tangu 2016, watoto wa mtaa mzima wanaingia kidato cha kwanza pamoja, shule ileile, mwalimu yuleyule mnoko, utani uleule. Aliyetoka ni wako peke yake. Wanachekea mambo ya Jumanne iliyopita na yeye hakuwepo. Hilo jina la Profesa wala si chuki. Wamekosa la kumwambia.

Kamwene_Mwalimu
Kamweneni. Nafundisha sekondari huku Iringa, shule ya kata hiyohiyo mnayoisema. Nakubaliana na KipaWaZamani, lakini naomba nimgeukie mama kidogo, asinichukie.

Mama, matokeo yalipotoka ulifanya nini? Nauliza kwa sababu nawaona wazazi. Mtoto akichaguliwa vipaji, inatangazwa kanisani, inatangazwa sokoni, na mbaya zaidi wale watoto wengine wanaambiwa majumbani kwao, "mwenzako yuko wapi na wewe uko wapi". Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na rafiki wa aina hiyo. Alikataa kabisa kwenda kumsalimia likizo. Ananiambia, "Mwalimu, nikienda pale mama yake ataniuliza nimekuwa wa ngapi."

Twisheni hapana. Wiki nne zenyewe hizo.

FundiWaUyole
Mwalimu, umenipiga penyewe. Nilitoa shukrani kanisani, ndiyo, na nilishona sare ya kwaya bure kwa furaha. Na mama wa yule mmoja wa watatu ni mteja wangu. Nikikumbuka vizuri, Februari alikuja kuchukua gauni na nilimsomea alama za mwanangu kabla hajalipa. Hakusema kitu. Hajarudi tena na nilidhani ni hela.

MamaMapacha_Makambako
Pole mwaya, sote tunafanya. Binti yangu yuko Kilakala, ya vipaji ya wasichana kule Morogoro, kidato cha tatu sasa. Kilichotusaidia ni njiani. Shule zikifungwa wanaokuja huku kusini wanapanda basi moja, wa Iringa wanashuka, wa kwangu anashuka Makambako, wengine wanaendelea Mbeya. Ile siku nzima ndani ya basi, kuanzia vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hadi mlima Kitonga, ndimo walipofahamiana. Tukaanzisha kundi la wazazi wa njia hiyo. Likizo ya Desemba wanakutana kwa mmoja wetu siku mbili, wanakula parachichi mpaka wanaugua. Wa Bukoba hutampata, lakini wa Mbalizi au Tunduma lazima yupo.

Na huko shuleni awaandikie barua wale watatu. Barua ya karatasi, kwa sanduku la posta la shule yao. Wangu alianza kwa aibu, sasa anajibiwa na picha zimechorwa humo.

KipaWaZamani
Hiyo ya barua safi. Ninaongeza moja: mpe kazi inayomlazimisha kupita kwao. Mahindi si lazima yasagwe? Usimwambie "nenda kacheze". Mwambie "peleka debe hili mashineni, na ni zito, tafuta mtu wa kusaidiana".

Mti_Mkavu
Sawa, nimewaelewa. Mimi sikuchaguliwa popote, nilikuwa miongoni mwa wale waliobaki mtaani. Rafiki yangu aliyechaguliwa alirudi likizo tukamcheka viatu. Hakurudi kutuona tena. Yuko Dodoma sasa, nasikia.

FundiWaUyole
Narudi na mrejesho, Jumamosi usiku.

Kwanza nilikwenda kwa yule mteja wangu na sado ya viazi. Hatukuzungumza habari za shule kabisa, tulisema baridi na bei ya vitambaa. Akanipa gauni la kupunguza kiuno.

Kijana nilimtuma mashineni saa nane na debe, makusudi kabisa lilikuwa zito. Saa kumi kimya. Saa kumi na mbili kimya, na huku Uyole Juni hii jua likizama meno yanagongana. Baba yake akaanza kuvaa viatu. Saa moja wakaingia wawili, yeye na mtoto wa yule mteja, unga umemwagika robo, sweta la shule limechanika kwapani. Nikauliza sweta limefanyaje. Akasema wamemweka golini kwa sababu kipa ana mafua.

Sweta nitalishona kesho. Nimewapa makande wote wawili.