Naomba ushauri: bakuli la bibi lina madoa

Habari za jioni jamani, niko Tanga, Chumbageni. Nina bakuli la bibi la maua, chini limegongwa mhuri wa Maastricht, yale ya Uholanzi yaliyokuwa yanaletwa pwani zamani. Siku hizi jioni nikishaoga navaa dera langu nachoma udi, nataka na lenyewe likae mezani na halua, sasa lina vinyufa vyembamba kama utando wa buibui vimeingia ukahawia, halipendezi kabisa. Nimeloweka maji vuguvugu na sabuni, nikatia magadi, wapi! Jirani anasema jiki, mi naogopa (jiki ndo inayofubaza kila kitu). Aliyefanikiwa kutoa madoa kama haya alitumia nini? Na halua niiweke humo humo au rangi za zamani zina madini ya risasi?