Swali la "statut d'occupation" kwenye hesabu ya kaya: nyumba na parseli (kiwanja) tuziulize vipi?

Bahati_Kadutu (Bukavu)

Wakubwa, habari zenu. Tunatayarisha hesabu ya kaya katika avenue kadhaa za Kadutu na Panzi. Fomu tuliyopewa ina swali moja tu juu ya makazi, "statut d'occupation" (yaani kaya inakaa humo kwa haki au mapatano gani), lenye majibu matano: mwenye nyumba, mpangaji, anakaa bure, nyumba ya kazi, nyingine. Tulipoijaribu, "nyingine" ilijaa haraka, na makarani wawili wakimhoji mama yule yule wanaandika majibu mawili tofauti.

Waliotukwamisha ni hawa. Mjane anayekaa katika nyumba ya marehemu mume wake, huku mashemeji wakisema nyumba ni ya familia. Kijana aliyejenga nyumba ya mbao nyuma ya nyumba ya mjomba wake: mbao na mabati ni yake, parseli ni ya mjomba. Familia ya sentinele (mlinzi) inayolinda nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Mtu aliyemkopesha mwenye nyumba dola, naye anakaa humo mpaka deni lirudishwe. Na baba wa Panzi aliyetoa kalinzi (malipo ya kimila ya kupewa ardhi) kwa shefu zamani, hana karatasi ya Serikali hata moja.

Naomba kujua makundi ya kimataifa yanasemaje, kama nyumba na ardhi ziulizwe pamoja au mbalimbali, na jinsi ya kuuliza karatasi bila watu kutufungia mlango.

Takwimu_Karisimbi (Goma)

Mdogo wangu Bahati, swali lenu moja limebebeshwa mambo matatu: kaya inakaa humo kwa mapatano gani, nani ana haki juu ya ardhi iliyo chini ya nyumba, na ushahidi wake ni upi. Mkiyatenganisha, nusu ya "nyingine" itaisha yenyewe.

Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa juu ya sensa ya watu na makazi, toleo la tatu lililoandaliwa kwa sensa za duru ya 2020, yanatofautisha mada mbili ambazo watu huzichanganya. Umiliki ni sifa ya nyumba: ni ya anayeikaa, ya Serikali, ya mtu binafsi, ya ushirika. Statut d'occupation ni sifa ya kaya. Kwa hiyo nyumba moja yenye kaya tatu ina majibu matatu, na ni lazima kila kaya iulizwe peke yake. Kosa la kawaida katika parseli zetu ni karani kusimama uani, kumwuliza mwenye parseli peke yake, kisha kujaza jibu hilo hilo kwa annexe (nyumba ndogo za uani) zote. Matokeo yake wenye nyumba wanaongezeka kwenye jedwali na wapangaji wanapotea.

Makundi makuu ya mapendekezo hayo ni machache: kaya yenye nyumba, kaya inayopanga, ikigawanywa kati ya mpangaji aliyepatana na mwenye nyumba na mpangaji anayepanga kwa mpangaji mwenzake, kaya inayokaa bila kulipa, na mapatano mengine. Maandishi hayo pia yanasema kwamba pale ambapo nyumba na ardhi haviko mikononi mwa mtu mmoja, viulizwe mbalimbali. Kwa hiyo kijana wa nyumba ya mbao si tatizo tena: nyumba ni yake, ardhi anaikalia kwa ruhusa ya ndugu. Huku Goma hali hiyo ni ya kila siku, maana nyumba ya mbao hubomolewa, ikapakiwa, ikasimamishwa kwenye parseli nyingine. Mkiuliza "parseli ni yako?" peke yake mtamwita mgeni, mkiuliza "nyumba ni yako?" peke yake mtamfanya mwenye parseli. Yote mawili si kweli.

Sasa namna ya kuuliza. Msimwambie mtu ajichagulie jina, "wewe ni mwenye nyumba au mpangaji?" Aibu, hofu na heshima vitajibu kabla yake. Ulizeni mambo yanayotendeka, kwa mpangilio huu:

1. Kaya yenu inamlipa mtu yeyote, kwa pesa, kwa mazao au kwa kazi, ili ikae humu?
2. Kama ndiyo: mnamlipa nani? (mwenye nyumba, mpangaji mwingine, mwajiri, Serikali, mtu anayewauzia nyumba kidogo kidogo)
3. Kama hapana: kwa nini hamlipi? (nyumba ni yetu; ni ya familia, haijagawanywa; tumehifadhiwa na ndugu au rafiki; tunalinda; mwajiri ametupa; tunakaa kwa ajili ya deni; hakuna aliyeturuhusu)
4. Nani anaweza kuuza nyumba hii, au kuamua nani aingie?
5. Ardhi ya parseli hii: ni ya yule yule mwenye nyumba, au ya mtu mwingine?

Swali la nne ndilo linalookoa kazi. Mtu anayesema "ni yetu" lakini hawezi kuiuza bila kaka zake watano mpeni namba yake mwenyewe: mali ya familia isiyogawanywa. Msimtupe kwenye "anakaa bure".

Jambo la pesa lifafanuliwe katika mafunzo, maana ndipo makarani hutofautiana. Kuchangia faktire (bili) ya SNEL, yaani umeme, au REGIDESO, yaani maji, si kodi ya nyumba. Aliyehifadhiwa na dada yake na kulipa umeme bado amehifadhiwa. Garanti (pesa ya dhamana inayotolewa wakati wa kuingia) nayo si kodi, kwa sababu inarudishwa. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya upangaji usio wa biashara imeiwekea garanti ya nyumba ya kukaa kikomo cha miezi 3, lakini mtakuta watu waliotoa zaidi. Basi andikeni kodi ya mwezi, sarafu yake (dola au franka), na garanti kwenye nafasi yake. Msizijumlishe kamwe.

Mama_Ibanda (Bukavu)

Nakubaliana na papa wa Goma. Naongeza upande wa karatasi, maana hapo ndipo hatari ipo.

Kisheria, kwetu udongo wote ni mali ya Serikali: kifungu cha 53 cha sheria nº 73-021 ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980. Mtu binafsi hupewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia ardhi hiyo: ya kudumu, kwa raia Mkongomani tu, au ya kawaida yenye muda. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa kisheria na certificat d'enregistrement peke yake. Mkifuata sheria neno kwa neno, karibu kila mtu wa Kadutu ataandikwa "hana kitu", na hesabu yenu haitamfaa yeyote. Sensa inaandika mapatano ambayo watu wanaishi nayo. Kuamua kesi ni kazi ya mahakama. Hilo makarani wanapaswa kulikariri.

Kuna mtego mmoja mbaya sana. Mtu anakuonyesha karatasi yenye muhuri wa Affaires foncières (ofisi ya ardhi ya Serikali) imeandikwa "contrat de location". Karani anaona neno "location" (upangaji), anaandika mpangaji. Kosa! Huo ni mkataba kati ya raia na Serikali, hatua ya kwanza kuelekea konsesyo, na hauzidi miaka 3. Mwenye kuushika yuko kwenye njia ya kupata certificat, hamlipi mwenye nyumba yeyote. Wekeni picha ya karatasi hiyo ndani ya kitabu cha karani, na ya mkataba wa kupanga chumba pembeni yake, ili tofauti ionekane kwa macho.

Orodha ya karatasi kwa mji wetu, kutoka yenye nguvu hadi dhaifu: certificat d'enregistrement, contrat ya konsesyo, contrat de location ya Serikali, fiche parcellaire (karatasi ya maelezo ya parseli), acte de vente (hati ya mauzo) yenye mashahidi, karatasi au ushahidi wa shefu wa kimila, hakuna. Kwa nyumba za zamani za cité (mitaa ya zamani ya wenyeji) ongezeni livret de logeur (kitabu cha zamani cha mwenye nyumba). Ruhusuni majibu zaidi ya moja, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na acte de vente na fiche pamoja. Pia ulizeni jina lililoandikwa juu yake ni la nani: baba, mama, wote wawili, marehemu, aliyeuza. Mara nyingi jina bado ni la aliyeuza, na hiyo ni habari kubwa kuliko aina ya karatasi.

Usiombe kuiona. Uliza "ipo?" na uendelee. Mtu akiona unataka kushika karatasi zake atadhani umetoka kwenye kadasta, au kwa wale wa impôt sur les revenus locatifs (kodi ya Serikali juu ya mapato ya kupangisha), na hapo wapangaji wote watageuka kuwa wapwa zake. Maswali haya yakae mwishoni mwa fomu, baada ya maji, choo na moto wa kupikia.

Mjane: Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 785, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuitumia nyumba waliyokaa pamoja. Si mgeni wa mashemeji, na wala si mmiliki kamili kwa kigezo hicho peke yake. Mpeni namba yake, "haki ya matumizi ya mwenzi aliyebaki". Mkimweka kwenye "amehifadhiwa na ndugu", mmewapa mashemeji ushindi ndani ya takwimu. Na aulizwe yeye mwenyewe, asijibiwe na kaka wa marehemu.

Baba wa Panzi: kalinzi katika Bushi (nchi ya Washi) inatoa haki ya kudumu na ya kurithisha. Aliyeitoa alitoa ng'ombe au kitu kingine kwa shefu na akakubaliwa mbele ya watu. Aandikwe mwenye haki ya kimila, karatasi: hakuna. Hayo ni majibu mawili kwenye maswali mawili. Msiyagonganishe.

Bahati_Kadutu (Bukavu)

Asante sana mama, asante kaka wa Goma. Sentinele na mtu wa deni bado wananisumbua. Sentinele wengine wanapewa pesa kidogo kila mwezi, wengine hawapewi chochote ila kulala.

Takwimu_Karisimbi (Goma)

Sentinele anakaa humo kwa sababu ya kazi, awe analipwa pesa au hapana. Mweke karibu na nyumba za kazi lakini kwa namba ndogo yake, kwa sababu usalama wake ni tofauti kabisa: mwenye nyumba akimaliza mabati na madirisha, siku hiyo anaondoka. Na angalieni nyumba yenyewe, iandikwe "haijaisha" kwenye sehemu ya majengo, vinginevyo mtapata nyumba bora ya matofali yenye etaji (ghorofa) inayokaliwa na kaya maskini, na mchambuzi atadhani ni kosa.

Mtu wa deni msimfiche. Bolivia wana kundi la namna hiyo kwenye sensa yao, anticrético, na Korea Kusini wanatenga jeonse, pale mpangaji anapoweka fungu kubwa la pesa badala ya kulipa kodi ya mwezi. Kwetu mwite "anakaa kwa gage" (rehani). Ulizeni kiasi cha deni na kama kuna maandishi. Mkimwita mwenye nyumba, mwenye nyumba halisi amefutwa. Mkimwita wa bure, mmesahau dola zake.

Katuba_Data (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi. Hapa kwetu kinachosumbua zaidi ni nyumba za kampuni, na fomu yenu inazibana kwenye "nyumba ya kazi" moja. Tanzania wameifungua: nyumba ya mwajiri anayoikaa bure, nyumba ya mwajiri anayoilipia, na nyumba ambayo mwajiri amepanga kwa mtu mwingine ili mfanyakazi akae. Ya tatu ni muhimu: mwajiri akichelewa kulipa, anayetolewa nje ni mfanyakazi. Ulizeni pia wastaafu. Mtu aliyeacha kazi zamani na bado yuko kambini, jibu lake la "nyumba ya kazi" halina maana mpaka ujue kama aliuziwa, anakatwa kidogo kidogo, au anangoja tu. Anayelipa kidogo kidogo ili nyumba iwe yake ni location-vente, ambayo Rwanda pia wana kundi lake.

Rwanda hao hao wanatenga kambi za wakimbizi na makazi ya muda. Kama mna familia zilizokimbia vita na kupokelewa ndani ya nyumba za watu, amueni kabla ya kuanza: wanapika pamoja na wenyeji, au chungu chao? Chungu chao ni kaya nyingine, yenye fomu yake.

Ukaguzi wa kompyuta ufanyike jioni ile ile, karani akiwa bado karibu. Programu ikatae mwenye nyumba anayelipa kodi, mpangaji mwenye kodi sifuri, aliyesema "hakuna aliyeturuhusu" lakini ana certificat, na location-vente isiyo na jina la anayeuza. "Nyingine" iandikwe kwa maneno ya mtu mwenyewe. Mimi naona ikipita kaya 5 kwa 100 kwenye avenue moja, msimamizi asome maneno yote kabla ya kesho.

Mjue pia kwamba sensa ya kitaifa ya kisayansi tuliyo nayo ni ya 1984. Hesabu ndogo kama yenu mara nyingi hugeuka kuwa sampuli ya wengine, kwa hiyo hifadhini majibu ya kila swali, msibakize jumla tu. Kutoka kwenye vipande mtu anaweza kuyarudia makundi ya Umoja wa Mataifa. Kutoka kwenye jumla hawezi.

Mama_Ibanda (Bukavu)

Jambo la mwisho, la mashamba, maana Panzi wengi wanalima upande wa Kabare. Msiyatie kwenye swali la nyumba. Shamba huulizwa kipande kwa kipande, kwani kaya moja inaweza kuwa na kimoja cha kalinzi, kimoja cha kununua, na kingine cha bwasa, yaani ardhi ya kuazima kwa mazao ya msimu, ambayo huruhusiwi kupanda migomba wala miti. Mwongozo wa FAO (shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo) wa sensa ya kilimo unatenga ardhi yenye umiliki wa kisheria, yenye umiliki usio wa kisheria, ya kukodi, na nyingine. Bwasa inayolipiwa mavuno au kazi iwekwe kwenye kukodi.

Na kama wafadhili wanataka kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, waambieni mapema kwamba hicho kinahesabu mtu mzima mmoja mmoja, mwanamke na mwanaume: kama ana karatasi inayotambuliwa kisheria, na kama anaona haki yake iko salama. Jibu la mkuu wa kaya halitoshi. Mtahitaji ukurasa mwingine, na mke aulizwe peke yake, mume akiwa nje.