Kutembea mwambani bamvua na watoto: tutoke saa ngapi, tuvae nini?

BintiKongowea
Asalaam aleikum wote. Jumamosi ijayo nataka kuwatoa watoto wawili, wa miaka 9 na 13, tutembee kutoka ufuoni Bamburi mpaka mwambani maji yakiwa yamepwa. Simu inaniambia maji yatapwa 10:38, mita 0.2, kisha yajae mpaka mita 3.8. Tuingie saa ngapi na tugeuke saa ngapi? Champali zinatosha? Na mtoto akikanyaga wale wanyama wa baharini weusi, wa mviringo, wenye miiba mirefu, nifanye nini palepale kabla hatujafika hospitali?

Mzee wa Juya
Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hakikisha hiyo 10:38 ni saa nne na dakika 38 asubuhi kwa saa zetu za hapa. Kuna tovuti huandika saa za Greenwich, ziko nyuma yetu saa tatu, na kuna wageni husoma "kumi" wakaja saa kumi jioni, wakakuta bahari imefika kwenye minazi. Njia rahisi ya kujihakikishia: Mombasa, bamvua (siku za maji kupwa na kujaa kupita kawaida) ikiwa kali, maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na hujaa saa kumi mpaka saa kumi na moja. Jadweli ikikupa bamvua ya kupwa saa nane mchana, basi hiyo si ya kwetu. Yenye uhakika ni ile ya Mamlaka ya Bandari, iliyopimwa Kilindini. Tofauti ya Kilindini na Bamburi ni ndogo, haimsumbui mtembea kwa miguu.

Tazama na mwezi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku ya nane na ya ishirini na tatu tangu mwezi kuandama ni maji mafu: hayapwi vya kutosha, usijisumbue. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukiahirisha kutoka Jumamosi hadi Jumapili usibaki na saa ileile.

Sasa jambo lenyewe. Chukua tofauti ya kupwa na kujaa, kwako ni mita 3.6, igawe mafungu 12. Fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa ya kwanza ndiyo inayodanganya watu. Sentimita 30 mtu haoni kitu, anaendelea kupiga picha. Mwisho wa saa ya pili zimekuwa 90, na hizo ni juu ya maji yaliyokuwepo tangu mwanzo. Mtoto wa miaka 9 yamemfika kifuani au zaidi.

Tena maji hayaji kutoka mbele tu. Baina ya ufuo na mwamba pana bonde la mchanga lililo chini kuliko mwamba wenyewe. Maji huingilia kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo lililo kati ya mwamba, hujaza bonde nyuma yako huku wewe umesimama pakavu. Kwa hiyo ingieni saa tatu, mfuate maji yanavyotoka, na saa nne u nusu migongo yote iwe imeelekea baharini. Usingoje 10:38. Mlangoni msikaribie kabisa, pana mkondo.

Na kusi likivuma, hata mita 0.2 haikusaidii: mawimbi huvuka mwamba. Ukiona povu jeupe mfululizo bila pengo, kaeni ufuoni mchimbe kaa.

MkungaWaMawe
Champali hapana. Zinavutwa na mchanga, kamba inachomoka, na mwiba unapita kwenye soli kama sindano kwenye sifongo. Nunua sandaki za plastiki, au vaa raba kuukuu za kufunga kamba, soli ngumu, na soksi ndani kwa sababu mchanga wa matumbawe huchubua kisigino. Miiba haizuiliki kabisa na kiatu chochote, kwa hiyo jicho ndilo kiatu cha kwanza.

Chini pakiwa peupe ni mchanga, tembea. Pakiwa na majani, kokota nyayo badala ya kuinua mguu, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia apate habari aondoke. Penye mawe na matumbawe, zungukeni: matumbawe yako hai, na hao weusi hukaa mashimoni pembeni mwa mawe, miiba inachungulia. Mpe kila mtoto fimbo ya kumfika kifuani, agonge kabla ya kukanyaga. Ukiona shimo limerundikiwa vigae vya makombe na vijiwe mlangoni, hapo pana pweza. Kuangalia tu, mkono usiingie. Huenda mwenye nyumba akawa mkunga, samaki mrefu kama nyoka anayeuma (si mimi).

Akichomwa: usikamue wala usichokore, mwiba unakatika vipande. Unaojitokeza nje vutia kibano, ukiufuata ulivyoingia. Kisha tumbukiza mguu kwenye maji moto, kadiri ya nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Pima kwa mkono wako wewe, si kwa mguu wake, maana mwenye maumivu hajui anaungua. Rangi nyeusi inayobaki si lazima iwe mwiba. Siki husaidia kulainisha vipande vya juu juu. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba siku ya pili, ni hospitali.

Makombe yenye umbo la pia (koni), yenye madoa mazuri, msiokote. Ndani pana konokono mwenye sumu inayoweza kuua mtu.

Chale wa Likoni
Mkunga umesahau utomvu wa papai bichi, ndio dawa ya wavuvi. Na mkojo je?

MkungaWaMawe
Utomvu wavuvi huutumia, sikatai, lakini ngozi ya mtoto inaweza kuwashwa, na ukiingia jichoni ni balaa jingine. Mkojo uache, yakhe. Hauna joto la kutosha, na mtoto atakumbuka hilo kuliko bahari.

BintiKongowea
Ahsanteni sana. Maji moto nitayatoa wapi pale ufuoni? Na makombe ya kawaida, yale matupu, wanaweza kuchukua mawili matatu?

Mzee wa Juya
Chupa ya chai ya lita mbili, ijaze maji yaliyochemka, iache garini pamoja na ndoo. Ukihitaji, changanya na maji ya bahari mpaka mkono uvumilie.

Makombe yaacheni. Mbuga ya baharini ya Mombasa iko tangu 1986, chini ya Shirika la Wanyamapori, na kuchukua kitu humo hairuhusiwi; kuingia sehemu ya mbuga kuna malipo. Hata hilo tupu lina mpangaji, kaa mdogo anayehamia.

Jua la saa nne huwachoma watu shingoni na nyuma ya magoti, kwa vile wameinama wakitazama chini. Leso mbichi shingoni, kofia, na lita moja ya maji kwa kila mtu. Mahamri yangojee ufuoni: yakiingia maji ya chumvi hayaliki tena, na watoto watawarushia samaki.

BintiKongowea
Mdogo ameshauliza kama fimbo yake anaweza kuipaka rangi.

MkungaWaMawe
Apige alama kila sentimita 30. Aichomeke mchangani mkifika bondeni, muitazame mkirudi.