Mjadala: Mfugaji alipwe kwa kutunza dimbwi la bata?

Mleta mada: Wakuu, tuliangalie hili. Kaskazini mwa Marekani, kutoka majimbo ya Dakota hadi Kanada, nyanda za nyasi zimejaa vidimbwi vilivyoachwa na barafu ya kale. Bata wengi wa bara lile huanguliwa hapo, na ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya watu binafsi. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Sackett, iliamua kuwa sheria ya maji safi inalinda tu ardhioevu iliyoungana juu ya ardhi na mto au ziwa. Kidimbwi kilichojikalia katikati ya malisho kikawa nje. Sheria hiyo ikishajitoa, nani abaki mlinzi? Mimi nasema mfugaji, na alipwe. Ng'ombe anataka nyasi na maji, bata naye hivyohivyo. Anayetamani kukausha dimbwi ni mwenye mahindi. Ranchi ikifilisika, mnunuzi huja na trekta.

Mtazamaji: Mkuu, unampamba ng'ombe. Umewahi kuona ukingo wa bwawa walipokwisha kushinda hapo? Matope, mavi, viota vimekanyagwa. Halafu mtu alipwe kwa kutoharibu? Basi na mimi nilipwe kwa kutoiba.

Mleta mada: Hapo kwa matope umenipata. Ndiyo maana nataka malipo yenye masharti: uzio ukingoni, maji yavutwe hadi kwenye birika la kunyweshea, malisho yagawanywe ili kipande kimoja kipumzike wakati ndege wanaatamia. Ila ukimfukuza ng'ombe kabisa, matete yanafunga maji na ndege wa nyasi fupi wanahama.

Mzee wa Hesabu: Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2019 ulikuta Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 2.9 tangu 1970. Ndege wa nyasi wamepungua kwa zaidi ya nusu. Bata? Wameongezeka! Tangu 1934 mwindaji wa bata huko Marekani hulazimika kununua stempu ya serikali, kama kibali cha kuwinda, siku hizi dola 25, na karibu fedha yote huenda kununua au kukodi ardhioevu. Ndege mdogo wa nyasi hakuna anayemwinda, kwa hiyo hana mfadhili. Pesa inafanya kazi, lakini inamfuata anayeliwa.

Mtazamaji: Na inakwisha. Serikali yao ilianza mwaka 1985 kuwakodi wakulima waache mashamba yaote nyasi. Kufikia 2007 zilikuwa ekari zaidi ya milioni 36. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ya miaka 10 au 15 ikaisha, mamilioni ya ekari yakarudi kwenye jembe. Umenunua nini hapo?

Mleta mada: Muda tu, nakubali. Mkataba wa kudumu upo: unaandikwa kwenye hati, kila atakayemiliki hakaushi wala halimi. Unalipa mara moja. Kinachonikwaza ni kwamba babu anapokea hela, anayefungwa ni mjukuu ambaye hajazaliwa. Mtazamaji, wewe ungesaini?

Mtazamaji: Mimi? Niambie kwanza ni dola ngapi kwa ekari.