Mnaowaachia watoto wamulike ndege kwa leza huku Ilemela, nawaandikia nyinyi

Wakuu, nimekaa na hasira hii tangu Ijumaa, leo naitoa.

Ijumaa usiku, kama saa mbili na nusu, umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu. Nikatoka nje kupunga upepo. Juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba (Mwanza kila mtaa una jabali lake, mnajua) walikuwepo vijana wanne. Ndege inashuka kutokea upande wa ziwa, taa za mbele zinawaka, nami naitazama tu kama kila siku. Ghafla mwale wa kijani ukachomoka pale jabalini ukapanda hadi kwenye ndege, ukawa unatetemeka juu yake. Wakashangilia: "Imepata! Imepata!"

Nilipanda jabali lile na ndala, gizani, nikafika nahema. Hawakukimbia. Walinipa shikamoo wote wanne. Mwenye leza, mtoto wa kama miaka 15, akanieleza kwa upole kabisa: "Mzee, haifiki kule. Si unaona mwanga unaishia pale juu?"

Nikajua hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa na huyu mtoto akamwambia. Mwanga hauishii pale. Wewe uliyesimama chini ndiye unayeacha kuuona, wenyewe unaendelea kilomita na kilomita. Na kadiri unavyokwenda unatanuka. Kale kadoa unakokaona ukutani, kwa leza nyingi za mkononi, kakifika kilomita moja kanakuwa duara la upana wa kama mita nzima. Duara hilo likigonga kioo cha mbele cha ndege, ile mikwaruzo midogo ya kioo inausambaza mwanga kioo chote. Rubani haoni kadoa, anaona kijani kila mahali. Na kwa kuwa mkono wa mtu hautulii, mwanga unampiga, unapotea, unampiga tena, kama umeme wa mvua.

Mimi kabla sijahamia mjini nilivua dagaa Igombe na mjomba wangu, enzi za karabai. Waliovua watanielewa haraka. Kitu cha kwanza mjomba alichonikataza mtumbwini ni kuitazama taa. Ukiikodolea karabai halafu ukageukia maji, huoni kamba, huoni kasia, huoni mtumbwi wa jirani unaokuja ubavuni. Unaona doa tu linaelea mbele ya macho, na ukifumba macho bado lipo. Unakaa hivyo mpaka macho yazoee giza upya. Sisi tulikuwa tumekaa tu tunasubiri dagaa wakusanyike, na bado mtu aliweza kutumbukia majini kwa ajili hiyo.

Sasa mweke rubani hapo. Ametoka juu ya ziwa, chini yake ni weusi mtupu na taa za wavuvi zilizotapakaa kama mji, mbele yake anatafuta taa za njia ya kutulia. Macho yake yameshazoea giza. Ndege ya abiria ikija kutua inakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, yaani zaidi ya mita 50 kila sekunde. Akipotewa na macho kwa sekunde 10 tu ameshapita nusu kilomita bila kuona, na ardhi iko karibu. Tena hiyo ya kijani ndiyo mbaya zaidi, maana jicho la binadamu linaipokea kwa ukali kuliko nyekundu ya nguvu ileile.

Nikamfuata mama wa yule kijana. Jibu: "Baba Neema, watoto wacheze wapi sasa?" Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa Jumamosi asubuhi. Akaniambia nikileta ndege iliyoanguka ndiyo tutaongea. Wakuu, kiongozi wa mtaa ananiambia hivyo, mbele ya watu! Sikulala usiku ule.

Sikuwa na ndugu ndani ya ile ndege. Sijui hata ilikuwa na nani. Lakini sisi wa ziwa hili tunakumbuka Novemba 6, 2022, ndege ya abiria kutoka Dar ilivyoingia majini pale Bukoba, watu 43 ndani, 19 wakafa. Ile ilikuta hali mbaya ya hewa, leza haihusiki kabisa, na naliandika hilo wazi ili mtu asije akazusha. Nataja kwa sababu wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao, na tuliona jinsi kutua kando ya ziwa kusivyotaka kuongezewa shida hata kidogo.

Halafu wauzaji. Hiyo leza kanunua kwa machinga kwa elfu kumi, hakuulizwa umri wala anaipeleka wapi. Ina kibandiko kinachosema nguvu yake haizidi miliwati 5. Nchi za wenzetu walizipima hizi za bei rahisi, nyingi zikakutwa zimezidi mbali kile kilichoandikwa. Kwa hiyo usiniambie "ni ka-tochi ka kuchezea paka". Hizo hizo wakimulikana machoni wao kwa wao zinaweza kuunguza jicho, na jicho likiungua ndani halirudi.

Wenzetu hawachukulii kama mchezo. Marekani ni kosa la jinai kwa sheria ya 2012, kifungo hadi miaka 5, na bado mwaka 2023 pekee zilipokelewa taarifa zaidi ya 13,000 za ndege kumulikwa. Uingereza walitunga sheria yao 2018, nayo ni hadi miaka 5. Na wanawapata, kwa sababu mwale wenyewe unaonyesha mkono ulikotoka. Aliye angani anaona vizuri kabisa ni jabali gani.

Yule kijana nimemwambia yote haya, akanyamaza, akanikabidhi leza yake. Ninayo ndani. Ila Jumapili usiku mwale mwingine umetoka mtaa wa pili, na jana tena. Nimeandika siku, saa na upande ulikotokea, mara zote tatu. Kama humu yupo anayefanya kazi uwanjani au Mamlaka ya Usafiri wa Anga, naomba aniambie hapa hapa taarifa hii naipeleka dirisha gani na kwa nani, nikaikabidhi kwa mkono wangu. Na mwenyekiti wangu, najua unapita humu: kikao cha mtaa ni Jumapili, nitakuja na ile leza mfukoni na nitaomba kusema.