Saladi ya kabichi ya komunyo: kisu, kikwaruzo, ubao wa wembe au mashine ya umeme?

Mama wa Himbi aliandika:

Wapendwa, nawasalimu wote. Jumamosi ijayo mtoto wetu atapokea komunyo ya kwanza, na katika kugawana kazi familia imenikabidhi saladi ya kabichi na karoti, ambayo italiwa pamoja na mishikaki, ndizi za kukaanga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ninataka saladi isiyochukua muda mrefu kutengeneza, lakini zaidi ya yote ninataka iwe bado inalia menoni wageni wanapoipokea, si ile iliyolegea na kuogelea katika maji yake. Nina pesa ya kifaa kimoja tu. Nimeona kule Birere, hapa Goma, kikwaruzo cha bati chenye pande nne, nimeona pia ule ubao wa plastiki wenye wembe ambao mboga huteleshwa juu yake, na jirani yangu anayehama ananiuzia mashine yake ndogo ya umeme ya kukatia mboga. Halafu kuna suala la mayonezi: nusu ya nyumba inasema bila mayonezi hiyo si saladi, na nusu nyingine inataka siki na mafuta. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa, siku ambayo nitakwenda soko la Virunga.

Mwalimu wa Katindo alijibu:

Mama, hongera kwa komunyo ya mtoto. Hata hivyo umeomba dawa bila kueleza ugonjwa. Je, wageni ni kumi na watano au ni mia moja? Utakata mboga siku ileile au usiku wa kuamkia sherehe? Chakula kitagawiwa muda gani baada ya misa, na saladi itasubiri wapi, kwenye friji au chini ya hema? Umeme kwako hukaa siku nzima? Usipotujibu hayo, kila mmoja hapa atakuelezea jiko lake mwenyewe.

Yaya Riziki alijibu:

Mimi sisubiri majibu, kwa sababu jibu langu ni kisu, wageni wawe wachache au wengi. Kabichi ukiipasua vipande vinne, ukaondoa ule mti mgumu wa katikati, ukalaza kila kipande kwa upande wake bapa na kukikata kwa unene wa milimita mbili au tatu, kila uzi hubaki mzima na maji yake ndani. Kikwaruzo hakikati, kinachana. Kabichi iliyopita pale hutoka imepondeka, na kabla hujamaliza karoti tayari chini ya bakuli kuna maji. Kwa karoti sina ugomvi nacho, mradi utumie upande wenye matundu makubwa, kwa kuwa karoti ni ngumu na hustahimili. Ukiniuliza pesa yako uitumie wapi, nitakuambia nunua jiwe la kunolea, kwa maana visu vingi vya nyumbani vimekuwa butu kiasi kwamba vinaponda kama kikwaruzo chenyewe.

Fundi wa Mishikaki, Majengo, alijibu:

Kwa heshima zote, yaya, anayekata kabichi moja kwa ajili ya watoto wake anaweza kuzungumza hivyo. Mimi kila jioni ninawawekea wateja saladi pembeni ya mshikaki, na bila ubao wa wembe ningekuwa bado nakata wakati makaa yameshageuka majivu. Ubao hutoa nyuzi za unene mmoja, na unene mmoja ndio unaofanya siki iingie kila mahali kwa kiasi kilekile, usije ukatafuna uzi mmoja wenye ladha na mwingine usio nayo. Tabu yake ni vidole. Ubao huuzwa na kishikio cha kukinga mkono, na wauzaji wengine hukipoteza, kwa hiyo usikubali kuuchukua bila hicho kishikio hata ukipunguziwa bei. Kipande kinapobaki kidogo kiache, kitafaa kwenye supu.

Papa wa Ndosho alijibu:

Mnabishana kuhusu wembe wakati tatizo liko kwenye saa. Familia ya mke wangu ilikuwa na ubatizo, tukamlipa mpishi mmoja wa sherehe, ambaye sitamtaja, atuandalie kila kitu. Mboga zilikuwa zimekatwa vizuri mno, hata shangazi ambao si watu wa kusifu walisifu walipopita jikoni asubuhi. Lakini yule bwana, ili apumzike mapema, alitia chumvi na mayonezi palepale, akajaza beseni za plastiki, akazifunika na kuzipanga chini ya hema ambalo kufikia saa sita lilikuwa limeshika joto. Misa ikarefuka, zikafuata picha, zikafuata hotuba za pande zote mbili, na mjomba wa mtoto akaona ni siku nzuri ya kusimulia historia ya ukoo tangu Rutshuru. Mfuniko ulipofunuliwa, mayonezi ilikuwa imekuwa maji ya rangi ya chungwa, kabichi imelegea yote, na harufu yake ilikuwa imeanza kugeuka. Mpishi hakushtuka hata kidogo. Alichukua upawa, akamwaga maji nyuma ya hema mbele ya macho yangu, akaongeza mayonezi mpya juu na kuamuru igawiwe. Wakubwa walikula kwa adabu, watoto waliiacha, na wakwe wawili walilalamika tumbo hadi usiku. Nilipoomba apunguze bei alinijibu kwamba kabichi za majira yale zina maji mengi! Kwa hiyo, mama, uwe na kisu cha dhahabu au ubao wa almasi, ukichanganya mapema umepoteza.

Mwalimu wa Katindo alijibu:

Papa, kabichi ina maji majira yote, kwani karibu asilimia 92 ya uzito wake ni maji. Kinachoyatoa nje ni chumvi, ambayo inapokuwa nyingi nje ya jani huyavuta maji yaliyo ndani, na mayonezi pia ina chumvi. Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kuyatoa maji hayo wewe mwenyewe kabla: kwa kilo moja ya kabichi iliyokatwa, nyunyiza vijiko viwili vidogo vya chumvi, acha nusu saa, kisha kamua kwa mikono safi na umwage. Kabichi ya namna hiyo haitamwaga tena maji mengi mezani, na mchuzi wa siki usiutie chumvi kabla ya kuonja. Njia ya pili ni kutotia chochote chenye chumvi mpaka wageni wawe wamekaa.

Yaya Riziki alijibu:

Mwalimu, kabichi iliyokamuliwa si ile anayoitafuta mama. Ni tamu, sikatai, na hukaa muda mrefu, lakini inapinda, hailii. Kinachofanya kabichi ilie ni maji kuwa tele ndani ya jani, na wewe unamshauri ayakamue. Mimi hufanya kinyume: nikishakata, nailoweka katika maji baridi sana kwa robo saa, jani linakunywa na kukakamaa, kisha naichuja na kuikausha vizuri kwa kitambaa safi. Kukausha ndiko watu wengi wanakoruka, na maji yaliyobaki juu ya nyuzi huufanya mchuzi uteleze na kutuama chini ya bakuli.

Mwalimu wa Katindo alijibu:

Njia yako inafaa kwa chakula kinacholiwa palepale. Kwa chakula kinachosubiri hotuba za ukoo, naomba nibaki na yangu.

Muuguzi wa Kyeshero alijibu:

Kabla ya kuendelea na kuloweka, naomba tuulizane ni maji ya wapi. Katika mji huu familia nyingi bado huchota maji ziwani kwa mabido (madumu), na kipindupindu si hadithi kwetu. Kabichi hii haitapita motoni, kwa hiyo maji ya mwisho yanayoigusa lazima yawe yamechemshwa na kupozwa, au yametiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa yenyewe. Siki na ndimu zisihesabiwe kuwa badala ya maji safi. Ondoa majani ya nje yote mawili au matatu, osha kabichi kabla ya kuikata, osha na ubao wa kukatia, na kama ubao huo ndio uliokatia nyama ya mishikaki asubuhi, tafuta mwingine. Karoti zisuguliwe kwa brashi, kwani zile za Kibumba hushuka na udongo mweusi unaojificha kwenye mikunjo ya shingo.

Mama wa Himbi alijibu:

Asanteni sana nyote. Wageni watakuwa kama sitini, na nitakata asubuhi ya siku yenyewe. Maji tunayo ya kuchemsha. Je, kabichi ngapi zinatosha?

Mwalimu wa Katindo alijibu:

Kwa saladi ya pembeni, gramu 100 kwa kila mtu zinatosha, yaani kilo sita za mboga zilizosafishwa, na ukinunua kilo saba au nane hutapungukiwa, kwa kuwa majani ya nje na mti wa katikati hutupwa. Karoti ziwe robo ya uzito wote. Ila, mama, hujatuambia bado kama kuna friji, wala chakula kitagawiwa saa ngapi.

Fundi wa Mishikaki, Majengo, alijibu:

Kilo sita kwa kisu, asubuhi ya komunyo, huku nguo za mtoto zikisubiri pasi? Yaya, wewe mwenyewe njoo ukate.

Kuhusu kuchagua kabichi, usidanganywe na ukubwa. Zishike mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, uchukue nzito, kwa maana ile nyepesi majani yake yamekaa mbalimbali na ina hewa ndani. Ukipata nafasi, zifuate mapema, wakati chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, zinateremka kutoka Kibumba, kabla hazijalala juani siku nzima.

Kijana wa Masisi alijibu:

Nashangaa hakuna aliyetaja jibini. Jibini yetu ya Masisi ikikwaruzwa juu ya kabichi na karoti, pamoja na ndimu, mafuta na pilipili manga, mayonezi haina kazi tena. Na hapo kikwaruzo cha pande nne kinajilipa, kwa sababu kinafanya kazi mbili.

Yaya Riziki alijibu:

Kijana, jibini kwa watu sitini ni bajeti nzima ya mishikaki. Kama anataka kitu cha kuongeza mlio, karanga zilizokaangwa na kupondwa kidogo zinatosha, ila zitiwe mwisho kabisa, kwa maana zikikutana na maji mapema hulegea kuliko hata kabichi.

Kijana wa Masisi alijibu:

Sikusema kilo kumi. Kidogo tu juu. Watu wa Goma wanakula jibini ile kwa mkate kila asubuhi, lakini ukiwaambia waitie kwenye saladi wanakuona umepotea.

Dada wa Kyeshero alijibu:

Mimi niko upande wa mayonezi na sitaomba radhi. Watoto hawali kabichi yenye siki tupu. Lakini ya kujitengenezea nyumbani kwa mayai mabichi iachwe kwa sherehe ya watu wengi na siku ya joto, achukue ya chupa na aifungue siku hiyohiyo. Kuna njia ya katikati ambayo haijatajwa: changanya mayonezi na ndimu au siki kidogo na kijiko cha sukari mpaka iwe nyepesi, uiweke kwenye jagi peke yake, na kila beseni la mboga litiwe mchuzi pale tu linapopelekwa mezani. Beseni la pili lisiguswe mpaka la kwanza limeisha.

Muuguzi wa Kyeshero alijibu:

Hapo naunga mkono. Ikishachanganywa, isikae nje zaidi ya saa mbili, na kilichobaki kisifichwe kwa ajili ya kesho.

Fundi wa Mishikaki, Majengo, alijibu:

Wanaotaka siki wasifuate kile kipimo cha Wafaransa cha mafuta sehemu tatu kwa siki sehemu moja. Kile ni cha saladi ya majani laini. Kabichi inabeba ukali, kwa hiyo mbili kwa moja inafaa zaidi, na sukari kidogo sana. Pilipili ikae kando, kila mtu ajihukumu mwenyewe.

Mama wa Himbi alijibu:

Nimeelewa mengi. Friji iko kwa mdogo wangu, Katindo, si kwangu, na umeme wake nao huja unapotaka. Nilikuwa nimeegemea ubao wa wembe, lakini leo jirani amepunguza bei ya mashine yake karibu nusu, na mume wangu anasema tusiiache. Pia mama mkwe ameleta wazo la kuchanganya kabichi ya zambarau ili sahani ipendeze. Mnasemaje?

Mwalimu wa Katindo alijibu:

Ya zambarau inapendeza, lakini rangi yake hutoka na kupaka karoti zote, na ndani ya mayonezi huleta rangi ambayo wageni hawataielewa. Itie siki au ndimu peke yake kwanza, ambayo huigeuza kuwa nyekundu angavu, kisha iweke juu kama pambo. Chakula ni saa ngapi?

Papa wa Ndosho alijibu:

Na msemaji wa ukoo ni nani? Hilo nalo linahusu saladi.

Yaya Riziki alijibu:

Mashine ya umeme mara nyingi huwa na visahani viwili, kimoja cha kukata vipande na kimoja cha kukwaruza, na inayouzwa mkono wa pili huenda imebaki na cha kukwaruza tu, ambacho kitakupondea kabichi yote kwa kasi kubwa. Kabla ya kumlipa jirani, nenda na robo ya kabichi mkononi, umwombe aiwashe mbele yako, kama umeme utakuwapo.