Kisima kimoja, tenki moja, watu 2,000: tujiandaeje kabla ya kiangazi?

Katibu wa jumuiya ya watumia maji, Handeni

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimojawapo cha wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, chenye wakazi wanaokaribia 2,000. Mradi wetu una kisima kirefu kimoja, pampu ya umeme jua, tenki la saruji la lita 50,000 na vilula vinane, na maji yamefikishwa pia zahanati na shule ya msingi. Kiangazi kilichopita pampu iliungua, na kwa muda wote tuliosubiri nyingine watu walirudi kuchota lamboni, mahali ambapo ng'ombe huingia hadi magotini. Wagonjwa wa kuhara waliongezeka, na boza lililoletwa lilizua ugomvi kwa sababu hapakuwa na utaratibu wowote wa nani achote kwanza na achote kiasi gani.

Mkutano mkuu umetuagiza tuandae mpango wa dharura. Tuna akiba kidogo iliyotokana na mauzo ya maji, lakini kamati imegawanyika: wapo wanaotaka tujenge tenki la pili, na wapo wanaotaka fedha hizo zisiguswe mpaka pampu iharibike tena. Naomba ushauri wenu tuanze na lipi, maji yakipungua tugawane kwa kipimo gani, na maji ya lambo au ya boza yatibiwe vipi kabla ya kunywewa.

Fundi wa miradi ya maji vijijini, Dodoma

Ndugu Katibu, kabla ya kununua chochote, pimeni kwanza mnachopoteza. Pampu ya umeme jua hupumzika usiku, na hilo linawapa nafasi nzuri. Fungeni vilula vyote pamoja na bomba la zahanati na la shule, pimeni kina cha maji tenkini saa nne usiku, kisha mpime tena saa kumi alfajiri. Kama tenki lenu ni la duara lenye kipenyo cha mita 5, kila sentimeta moja inayoshuka ni takriban lita 200. Likishuka sentimeta 15 ilhali hakuna aliyechota, lita 3,000 zimeingia ardhini kwa usiku mmoja, nayo ni mahitaji ya watu 120 kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku kilichowekwa na Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Rudieni zoezi hilo mkifunga valvu za matawi moja baada ya jingine. Tawi ambalo likifungwa maji ya tenki hayashuki tena ndilo lenye mvujo. Inauma kuona kijiji kikichangishana kwa ajili ya tenki jipya huku bomba la zamani linavuja chini ya shamba la mtu na mgomba uliopo hapo umestawi kuliko yote.

Pili, kijueni kisima chenu. Mpeni mhudumu wa pampu daftari, naye apime kila wiki kina cha maji kisimani asubuhi kabla pampu haijawaka, na tena baada ya kufanya kazi kwa saa kadhaa. Maji yanaposhuka hadi usawa wa pampu, pampu huzunguka bila maji na kuungua, na huenda ndivyo ilivyotokea kwenu. Kipo kifaa cha kuizima pampu maji yakishuka mno, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na pampu mpya. Daftari lililojazwa kwa uaminifu mwaka mzima litawaonyesha mapema, pengine mwezi mmoja au miwili kabla, kwamba kisima kinazidiwa, nanyi mtapunguza saa za kusukuma kabla ya madhara.

Kuhusu mgawanyiko wa kamati, msimamo wangu ni kwamba pampu itangulie. Watu 2,000 kwa lita 25 ni lita 50,000, maana yake tenki mlilonalo ni maji ya siku moja. La pili litawaongezea siku ya pili tu, na pampu iliyoungua haitengenezwi kwa siku mbili. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, jumuiya zetu zinasimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kaeni na ofisi ya wilaya mkubaliane kwa maandishi fundi atatoka wapi, pampu ya akiba itapatikana wapi, na nani atalipia usafiri.

Kisha tafuteni chanzo cha pili, hata kama ni kidogo. Dar es Salaam ilipoingia katika mgao mkali mwishoni mwa mwaka 2022 kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua sana, visima virefu vya Kigamboni ndivyo vilivyoharakishwa kuingizwa katika mtandao wa jiji. Kijijini kwenu chanzo hicho kinaweza kuwa paa la shule. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 30 litawapa karibu lita 4,800, hata baada ya kutoa sehemu moja ya tano inayopotea. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege yaachwe yamwagike.

Mweka hazina wa jumuiya, Kishapu

Mdogo wangu Katibu, fundi amesema vyema, nami naongeza la mgao. Upitisheni utaratibu wake katika mkutano mkuu sasa, wakati maji yanatoka, kwa sababu mtu mwenye ndoo tupu hasikilizi hoja. Andikeni dalili itakayowasha kila hatua. Kwa mfano, tenki likishindwa kujaa siku tatu mfululizo, kufyatua tofali na kumwagilia bustani kwa maji ya kilula kunasimama. Likizidi kushuka, kila kaya inapewa kwa idadi ya watu wake. Kipimo cha chini kinachotumika katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, hivyo kaya ya watu sita ina haki ya lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Zahanati isiingizwe katika mgao huo. Itengewe maji yake kwanza, hasa kwa akina mama wanaojifungua.

Orodha ya kaya ibandikwe kwenye kila kilula, na wazee wasiojiweza pamoja na wagonjwa wapangiwe jirani wa kuwachotea. Msiwasahau wafugaji. Wasipoelekezwa pa kunyweshea, usiku watakuja kilulani, na hamtaweza kuwazuia.

Afisa afya wa kata, Morogoro

Maji ya boza yasipokelewe kabla ya kujua yamechotwa wapi na kama boza hilo halijawahi kubeba mafuta. Maji ya lambo yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yenye tope humaliza nguvu ya klorini, kwa hiyo kuchuja kusirukwe. Yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na koki, kwa maana kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono huyachafua tena.

Katibu wa jumuiya ya watumia maji, Handeni

Nawashukuru sana. Zoezi la kupima tenki usiku tutalifanya wiki hii. Naomba Afisa atufafanulie jambo moja: mafuriko yakiingia kisimani, nasi tuna klorini ya unga ya asilimia 65, tutie kiasi gani katika tenki zima?

Afisa afya wa kata, Morogoro

Kisima kilichoingiwa na mafuriko kwanza kisukumwe hadi maji yawe maangavu, nacho chenyewe kitibiwe na fundi kabla ya kurudishwa kwenye huduma. Kwa tenki la lita 50,000, mkilenga miligramu 2 kwa lita mnahitaji gramu 100 za klorini halisi, ambazo kwa unga wa asilimia 65 ni takriban gramu 155. Tieni unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, wala msimwagie unga maji. Vaeni glavu na miwani, koroga, acheni masimbi yatuame, kisha mmimine yale maangavu tenkini. Subirini nusu saa, halafu mpime katika kilula cha mbali kuliko vyote: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa chini ya hapo, ongezeni kidogo na mpime tena. Unga utunzwe mahali pakavu penye hewa, mbali kabisa na petroli, dizeli na mafuta ya kulainisha mashine, kwa kuwa vikikutana vinaweza kuwaka moto.